Aya Zisizo na Kwao

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo.

Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi, zile nzito ambazo lazima zikunjwe mara mbili ndipo ziingie kwenye bahasha. Hujambo? Mgongo wako haujambo? Na hao wazee unaowaogesha huko kwenye nyumba yao ya kutunzia wazee, wanakuheshimu? Wakikuletea vurugu waambie unaye wa kwenu nyumbani mwenye vurugu kuwashinda wote wakijumlishwa, na huyo haogeshwi na mtu.

Sisi huku tunasukuma siku. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeanza kutabiri mvua, na linakosea. Wifi yako ni mzima kabisa, hasa ulimi. Ile cherehani ya zamani uliyokuwa ukiipanda utotoni ukidhani ni farasi bado inashona, ila ina kikohozi, na kila ikikohoa wifi yako anasema inaniiga.

Najua barua imekushtua. Mara ya mwisho kukuandikia hukuwa hata na mtoto. Basi niseme mapema: hakuna aliyekufa. Soma ukiwa umekaa, lakini hakuna aliyekufa. Sikukupigia kwa sababu mimi nikishika simu napayuka kama namwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na binti yako yuko chumba cha pili, na ukuta wetu ni wa mbao nyembamba. Haya ninayokuambia yeye hataki nikuambie.

Uliniuliza kama uombe likizo ya mwezi wa kumi na moja uje umwone Kishikizo akivaa joho la kuhitimu. Nikakujibu kwa sauti kubwa, wifi yako shahidi: omba, na wasipokupa, toroka. Jibu lile limeingia kasoro. Nataka nikueleze lilivyoingia, polepole, maana ukilisikia kwa haraka utamlaumu mtoto.

Hilo jina la Kishikizo natumaini hujalisahau. Ni huyo huyo mwanao, tuliyembatiza hivyo tangu ulipotuachia akiwa mdogo, kwa kuwa hakuwa anakaa popote mpaka awe ameshika shati la mtu.

Kazi yenyewe iko hivi. Pale chuoni kwao wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawaachiwi waondoke hivi hivi. Kila mmoja anachagua jambo moja, analichimba, kisha anaandika lundo la kurasa, na lundo hilo lina mwalimu wake wa kulisimamia. Wenyewe wanaita utafiti. Mimi nilidhani utafiti ni wa dawa na wa mafuta ya chini ya ardhi. Kumbe hata mimi natafitiwa.

Ndiyo, mimi. Wenzake walichagua mambo ya maana, maji, masoko, magonjwa. Mwanao akachagua macho ya mafundi cherehani. Alitaka kujua kwa nini wengi wetu tukifika umri fulani macho yanatukimbia, na kama ni kazi inayotuharibu au ni uzee tu umekuja kuchukua kilicho chake. Nikamwambia, mwanangu, kazi hiyo haifiki hata nusu ukurasa: andika "wamezeeka", weka nukta, njoo tunywe chai. Akanitazama kwa yale macho yako, nikaenda kunywa chai peke yangu.

Maktaba yao ina vitabu vya kuazima na vitabu vya kusomea humo humo. Alivyovitaka yeye karibu vyote vilikuwa vya humo humo, kana kwamba viliambiwa anakuja. Basi akawa anatoa kopi za kurasa anazozihitaji na kuja nazo nyumbani.

Hapa ndipo nataka unielewe vizuri. Mtoto huyu amekulia chini ya meza ya kukatia. Kabla hajajua kuandika jina lake alishajua kwamba kitambaa hakishonwi kizima: unachora, unakata karibu na mstari, unaondoa ya pembeni, unapanga vipande, unabana na pini. Ndivyo alivyofanya. Kila kopi aliilaza mezani, akatafuta aya anayoitaka, akaichora kwa penseli, akaikata. Na alivyokata! Hakuna ukingo uliopinda, hakuna ndevu. Juu ya ukurasa, penye jina la kitabu, akaondoa. Chini, penye namba, akaondoa. Kilichobaki ni aya tupu, safi kama yai lililomenywa.

Akazipanga kwa vikundi: za taa huku, za viti huku, za saa za kazi pale, za miwani kule. Kila kikundi na pini yake yenye kichwa cha rangi. Wifi yako alipita na ndoo, akasimama, akasema, "Huyu ningemzaa mimi ningeringa." Mimi nikasema nikifa mkasi wangu ni wake, na nikasema pia asiharakishe.

Na vile vipembe vyembamba vilivyobaki, vikavu, vyepesi, unajua mabaki ya hapa kwetu yanakoishia. Yanaishia kwenye kopo la kuwashia pasi ya mkaa. Mdogo wangu, sijawahi kupata moto mzuri namna ile. Maprofesa wazima waliingia humo na majina yao, na miaka yao, na namba za kurasa zao, na mashati ya watu yakanyooka.

Basi akaandika lundo lake akalipeleka kwa msimamizi wake, mwanamume mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Baada ya siku chache likarudi. Pembeni ya kila aya ambayo mtoto ameichukua kitabuni, yule mtu ameandika kwa penseli maneno mawili, hayo hayo, kuanzia mwanzo mpaka mwisho: Imetoka wapi? Imetoka wapi? Imetoka wapi? Mimi simwiti tena kwa jina jingine. Ni Bwana Imetoka Wapi.

Nikamwambia Kishikizo, "Jibu ni rahisi. Mwandikie: maktaba."

"Anataka mwandishi, Mjomba. Na kitabu, na mwaka, na ukurasa."

"Vyote hivyo?"

"Vyote."

"Huyo atakuwa hajaoa."

Hakucheka. Hapo nikajua mambo yameharibika, kwa sababu mtoto huyo hucheka hata nikipiga chafya. Alikwenda kwenye kopo akalipindua sakafuni. Kikatoka kitambaa, uzi uliosokotana, na kipande kimoja cha karatasi chenye namba ya ukurasa bila jina la kitabu. Akakishika, akakigeuza, akakirudisha ndani. Mimi nilikuwa nimesimama na pasi mkononi, ingali ya moto, sijui niiweke wapi.

Nilitoa shauri. Unanijua, siwezi kukaa bila kutoa shauri. Nikasema atafute kitabu chochote kinene, aandike jina lake kila mahali, nani atakwenda kukifungua? Wifi yako akanikata kauli palepale: "Unamfundisha mtoto uongo, na kwa sauti hiyo majirani nao wanajifunza." Kishikizo akasema taratibu kwamba Bwana yule atakifungua. Na hata asipokifungua yeye, atakuja mtu mwingine siku moja anayetaka kujua zaidi, ataufuata ukurasa huo, atakuta hakuna kitu. Sijui alijifunza wapi kuwafikiria watu ambao hajawaona. Kwetu sisi sijamwona mtu wa namna hiyo.

Ikawa hakuna njia ila kurudi maktaba na kuzitafutia aya zile kwao, moja moja. Nikasema naenda naye. Alikataa, akakataa tena, mwishowe akaniambia nivae viatu vya kufunika.

Mdogo wangu, umewahi kuingia humo ndani? Ni nyumba nzima ya watu walionyamaza kwa hiari yao. Rafu zimepanda mpaka huwezi kuona ng'ambo, na kila kitabu kina namba mgongoni kama mfungwa. Mlangoni kuna meza, na mezani kuna mkutubi, mama mmoja wa miwani ya mnyororo. Nilimwamkia kwa furaha, akanijibu "shii". Nikauliza maliwato yako wapi, "shii". Nimempa jina Bi Shii na sidhani ataliacha.

Aliniamuru nitoe vilivyo mfukoni. Nikatoa futi ya kupimia, chaki, na mkasi. Alipouona mkasi akainuka kitini.

"Mkasi wa nini maktaba, mzee?"

"Ni wa kazi, mama. Sisi ni watu wa kukata."

Kishikizo alinikanyaga mguu. Lakini maneno yalishatoka, na mwanao hana tabia ya kuficha, akafungua begi akamwonyesha Bi Shii zile aya na pini zake. Yule mama alizitazama kwa muda mrefu, kama daktari anayetazama kidonda ambacho mgonjwa amejitibu mwenyewe. Hakugomba. Ningependa angegomba.

Akaketi naye. Mimi nilisimama nyuma nikijifanya nasoma tangazo la kukataza kula. Nitakupa niliyoyaokota, kwa kuwa nawe una wadogo wa kuwasomesha huko, na mimi sina pengine pa kuyapeleka.

Alisema usianze kwa kutafuta kitabu, anza kwa kutafuta neno. Soma aya yako, chagua neno ambalo si la kila mtu, kisha nenda nyuma ya vitabu, mwishoni kabisa, kuna orodha ya maneno na kurasa zake, wanaiita faharasa. Kama neno lako limo, una mlango. Kama halimo, badilisha neno, kwa sababu kitu kimoja kila mwandishi anakiita kivyake. Mmoja anatuita mafundi cherehani, mwingine washonaji, mwingine wafanyakazi wa mavazi. Kuna mmoja ametuita "nguvukazi ya sindano". Huyo nikimpata nitamwonyesha sindano inakoingia.

Akasema tena, ukishapata kitabu kimoja cha kweli usikiache hivi hivi, pindua mwisho wake uone na yeye alisoma vya nani. Wamepangwa hapo wote, ndugu kwa ndugu. Ukimpata mmoja umepata ukoo. Na uangalie mwaka, maana kuna vitabu vinaongea habari za taa ambazo hata mimi sikuzikuta.

Na mwisho akamwambia jambo ambalo Kishikizo aliliandika kwa herufi kubwa: kabla hujaondoka kwenye mashine ya kopi, kabla karatasi haijapoa, andika juu yake mwandishi, kitabu, mwaka, mchapishaji, ukurasa. Jina kwanza, maneno baadaye. Mtoto akaitikia kwa kichwa huku anaandika. Mimi moyoni nikasema, mama, ungetuambia haya mwezi wa pili tungekununulia soda.

Wakaanza. Kwa kompyuta, kwa rafu, kwa faharasa. Nami nikataka kusaidia, ningefanyaje? Shule yangu iliishia darasa la nne, na la nne lenyewe nililiacha njiani. Lakini nikajiambia, kulinganisha ni kazi yangu. Mteja akileta koti lenye kiraka, natafuta kitambaa mpaka nakipatia ndugu yake. Nikachukua ile aya muhimu kuliko zote, ile ya taa, nikaanza kupita na rafu nikitafuta kitabu chenye herufi za sura ile, zenye vikia vidogo chini. Nilifungua vingi. Nilivuta vumbi la kunitosha. Hatimaye nikakipata, herufi zile zile, mpangilio ule ule. Nikamletea mbio, kadiri goti linavyoruhusu.

Akakifungua. "Mjomba, hiki ni cha kufuga kuku."

"Kuku nao wana macho."

Shii, ikatoka mezani.

Nikamwambia atazame herufi basi, si ndizo hizi? Nikamnyooshea ile aya karibu na ukurasa. Akaninyang'anya taratibu, akaigeuza, akanirudishia. Nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu, tangu rafu ya kwanza.

Sasa na hili nalo nimelitoa. Macho yamekwenda, mdogo wangu. Ya mbali yapo, nikisimama mlangoni namwona mteja mkorofi tangu anakata kona nikapata muda wa kujificha. Ya karibu ndiyo yameaga. Wifi yako ananitungia sindano asubuhi, anazipanga kwenye mto wa pini na uzi wa rangi mbalimbali, anajidai anapenda kufanya hivyo. Kishikizo hakujua ni kiasi hicho. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu Bi Shii alipozima taa. Akageukia dirishani, kisha akarudi kwenye faharasa mpaka maktaba ilipofungwa.

Tulikwenda siku nyingi. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba vitabu kutoka rafu mpaka mezani, na Bi Shii alinikataza kuvirudisha kwa sababu nilivirudisha kwa rangi. Aya zikawa zinapata kwao. Za viti zikapata zote, kitabu kimoja. Za miwani zikapata. Za saa za kazi zilikuwa kwenye jarida, na jarida hilo likamwonyesha jingine. Kila aya ikipatikana mtoto anaandika pembeni yake kila kitu mpaka nukta, na uso unafunguka kidogo. Kuna siku alirudi nyumbani anaimba. Wifi yako akanibinya, akaninong'oneza nianze kukata kitambaa cha gauni la sherehe. Nikakata. Kimelala hapa mezani hadi sasa, kimechorwa chaki.

Lakini ile ya taa haikupatikana.

Nikueleze inasema nini, kwa sababu bila kuijua hutamwelewa. Vitabu vingine vyote alivyovipata vinasema macho ya fundi hufifia kwa umri, kama ya mtu yeyote. Ile aya peke yake ndiyo inasema la tofauti, kwamba taa ikikaa upande wa mkono unaoshona, kivuli cha mkono hulala juu ya mshono siku nenda siku rudi, na jicho huchoka kabla ya wakati wake. Juu ya aya hiyo mtoto alijenga sura ya tatu yote. Ndiyo inayosema si uzee tu. Ukiitoa, kazi nzima inabaki inasema nilichomwambia mimi siku ya kwanza nikitania: wamezeeka, nukta.

Bi Shii alihangaika, siwezi kumsema vibaya. Alijaribu kila neno, kivuli, taa, mwanga, mkono. Akatazama vitabu vilivyokuwa mezani miezi hiyo. Akasema huenda kitabu kilikuwa cha kuazimwa kutoka maktaba nyingine na kimesharudishwa kwao, na yeye hana njia ya kujua kipi. Akavua miwani akaifuta. Mtu wa namna ile akifuta miwani bila vumbi, ujue rafu zimemwishia.

Nikatoa shauri jingine. Nikasema, taa ya nini kitabuni, mimi si nipo? Taa yangu imekaa upande wa mkono wa kulia tangu enzi za marehemu baba, na macho haya hapa, yatazameni. Bi Shii akasema kweli mtu naye ni chanzo, akihojiwa kwa utaratibu na kuandikwa. Nikavimba. Jioni Kishikizo akanikalisha, akawa ananiuliza kama hanijui.

"Jina lako?"

"Unalijua."

"Sema, Mjomba, naandika."

"Andika mrembo wa mtaa."

"Ulianza kazi lini?"

"Nilipokatazwa kucheza."

Wifi yako kutoka jikoni akasema, "Andika alianza kazi na bado hajaifikia." Tulicheka siku hiyo, nakwambia. Mwishowe nilijibu vizuri, kila kitu, mpaka zile sindano za asubuhi.

Bwana Imetoka Wapi aliyasoma mahojiano. Akasema ni mazuri, yabaki. Lakini mtu mmoja hawezi kusimama badala ya utafiti uliopima watu wengi, na zaidi mtu mwenyewe ni mjomba wa mwandishi, atasema atakalo mwandishi. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa kuwa ana haki. Mimi kwa mtoto huyo ningeapa hata kwamba jua linachomoza jikoni.

Siku ya mwisho ya kukabidhi ilikuwa Ijumaa hii iliyopita. Nilimsindikiza. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi, na mlango haukufungwa sawasawa, na masikio yangu hayana ugonjwa wowote.

Bwana akapekua, akapekua. Akasema, "Naweza kuipokea hivi ilivyo, bila hiyo aya. Itasomwa. Nadhani itapita."

"Ikipita hivi itakuwa inasema ni uzee tu."

"Itasema kile ulichoweza kuonyesha."

Nilisikia kiti kikisogea. Mtoto akasema, "Basi nairudisha nyumbani."

"Unajua maana yake? Hutahitimu na wenzako. Unangoja kundi la mwakani."

"Najua, Mwalimu."

"Na hiyo aya unaweza usiipate."

"Najua."

Akatoka amekumbatia lundo lake kama mtu aliyetoka sokoni na mvua inanyesha. Nikasimama mbele yake. Nikamwambia rudi ndani umpe, yule mtu amekwishafungua mkono, mpe kabla hajaufunga. Nikamwambia mama yako ameomba likizo. Nikamwambia mambo mengi, mengine ya kelele, watu wakachungulia madirishani. Aliniacha nikamaliza.

Akasema, "Si uzee tu, Mjomba. Niliisoma."

Basi. Ndiyo maneno yote niliyopata. Tukarudi kwa miguu, yeye mbele, mimi na goti langu nyuma.

Nimekaa na jambo hili tangu Ijumaa, mdogo wangu, na nimeligeuza kila upande. Ingekuwa nguo ningeifumua. Ingekuwa mtu amemwonea ningekwenda kumtukana, unajua napenda. Lakini hakuna aliyemwonea. Bwana yule hana kosa, Bi Shii hana kosa, na mtoto hana kosa ninaloweza kuliita kosa mbele ya watu. Wifi yako ananiambia niache kuzungukazunguka chumbani, namtia kizunguzungu. Sijui nifanye nini, nami sijazoea kutojua halafu nikanyamaza.

Jana, Jumamosi, alikwenda tena maktaba. Akarudi, akala kidogo, akalala. Kwenye kila karatasi sasa jina linatangulia juu kabisa, hata kwenye ile aliyoniandikia dawa ya goti. Mimi nilimsindikiza mpaka mlangoni, kisha nikakaa kwenye ngazi. Bi Shii ametoa kiti chake kimoja akakiweka hapo nje kivulini, hakusema ni cha nani.

Kwa hiyo jibu lako la likizo ni hili. Joho mwezi wa kumi na moja halipo. Picha hazipo. Lile gauni nitalikunja nilihifadhi, na kama atanenepa mpaka mwakani shauri yake. Lakini likizo hiyo kama wamekupa usiirudishe. Njoo. Waambie huko chochote, waambie kaka yako anapofuka, si uongo sana. Mimi nimefika mwisho wa niliyo nayo, na niliyo nayo ni utani tu, na kwa sasa haufiki mahali panapomuuma.

Jambo moja la mwisho, na hili ulishike. Ameniambia atakueleza mwenyewe siku akipata nguvu. Atakupigia. Akikupigia jitie hamnazo, usimsaidie kumaliza sentensi, mwache aseme yote kwa mpangilio wake. Akishamaliza atanyamaza akingoja utamwambia nini. Usimwulize kwa nini hakukabidhi, wala atapata lini. Mwulize kama amekula.

Nisalimie shemeji, mwambie akija ajitayarishe, kete za drafti bado ninazo na mikono inaziona hata kama macho hayazioni. Wasalimie wadogo zake Kishikizo, wabusu wote, na yule mkubwa mvute sikio kwa niaba yangu, bila sababu. Mdogo wetu wa mwisho, Kinyozi, anakusalimu sana. Wifi yako anakusalimu, na anasema niandike kwamba nusu ya barua hii ni chuku. Mwambie ataje ni nusu ipi.

Mungu akulinde kwenye barabara za huko, aupe mgongo wako nguvu, na akukatie usingizi mwema kila ulalapo, wa kukutosha kabisa bila kupungua.

Wako akupendaye, hata siku ukiwa umenuna,

Kaka yako,
Fundi.